Niliosha Kichwa Bila Kuuliza

Siku mliyoniaga pale kliniki mlinipa kipaza sauti. Nikalia, nikakirudisha, nikala keki, nikaenda zangu nyumbani. Tangu hapo simu yangu haipumziki: Mama Riziki, yale uliyotaka kutuambia, basi yaandike. Haya, nayaandika. Nayaandika polepole, na sababu mtaikuta mwishoni, kwa hiyo msinisukume.

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa mashine. Mimi ni msusi. Nimezaliwa Kigoma, nikaja Durban na begi moja na vitana vyangu, nikaweka kiti cha plastiki kando ya barabara pale Albert Park, nikawa nasuka Wakongomani, Warundi, Wazulu, yeyote mwenye kichwa. Vidole vyangu vilijulikana. Nasema hivyo bila aibu. Mkitaka unyenyekevu, tafuteni mstaafu mwingine.

Mteja wangu mmoja alikuwa anaanguka kifafa, akapewa barua ya kwenda kupimwa umeme wa ubongo. Akaenda, akarudishwa: nywele zimesukwa, waya hazifiki kwenye ngozi. Akafumua, akarudi. Nywele zikawa zimesimama, waya zikadondoka moja moja. Mara ya tatu akanivuta mkono, twende wote. Hapo ndipo nilipokutana na Aunty Premla.

Aunty alikuwa fundi wa kipimo, Mhindi wa hapahapa Durban, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Nilimkuta na utepe kama wa fundi cherehani na penseli nyekundu, anapima kichwa kutoka juu ya pua hadi kisogoni, anatia alama, alama zinapotelea kwenye nywele, anapumua kwa hasira. Uvumilivu ukanishinda. Nikatoa kitana cha mkia, nikamwambia nionyeshe alama inatakiwa wapi. Nikagawa nywele mistari minyoofu, nikazibana pembeni, ngozi ikaonekana. Waya zote zikakaa. Akanitazama juu ya miwani.

"Kesho unafanya nini?"

"Nasuka."

"Njoo usuke hapa."

Basi, ndivyo nilivyoingia kazini. Hakuna cheti nilichoonyesha siku ile zaidi ya kitana.

Ninyi mmezoea skrini. Mashine yetu ya kwanza ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na karatasi ilitembea juu yake huku kalamu zikichora mistari kwa wino. Zilikuwa na sauti, shwa, shwa, shwa, na Aunty alikuwa anaweza kugeuka dirishani anakunywa chai yake na bado akasema, "Waya wa nyuma kulia umelegea." Alikuwa anasikia. Baada ya miaka michache na mimi nikaanza kusikia. Ilipokuja kompyuta nilifurahi kwa sababu wino uliacha kuniharibia magauni, lakini mpaka leo chumba kile kikiwa kimya huwa naona kuna kitu kimekatika.

Makosa? Nimeyafanya ya kujaza ndoo. Wiki yangu ya kwanza alikuja gogo mmoja, yaani bibi mzee wa Kizulu, mwoga mpaka haachii mlango. Nikamhurumia, nikampa pipi ya minti kutoka mfukoni. Mashine ilipowashwa kalamu zikaruka juu chini, wino ukafika kwenye koti la Aunty, Aunty akapiga kelele daktari aitwe. Daktari akaja mbio, akamkuta gogo ametulia tuli, anatabasamu, anatafuna. "Uswidi," akatuambia kwa Kizulu, akatoa ulimi ili tuione pipi yenyewe. Aunty hakusema nami mpaka saa ya kufunga. Ndiyo sababu nilikuwa nawakagua wagonjwa midomo, nanyi mkinicheka. Taya likicheza, mashine inaandika taya, haiandiki ubongo.

Halafu kulikuwa na yule Mrundi wa kiwandani Pinetown. Mnajua kuna wagonjwa tunaowaambia walale kidogo sana, ili usingizi uwachukue wakiwa kwenye mashine. Maskini akatii. Akapanda taxi, yaani daladala ya huku, ya kuja mjini, joto la gari likamchukua, akalala fofofo kiti cha nyuma. Dereva hakumwona, akapakia wengine stendi ya Warwick, akamrudisha Pinetown. Mara mbili! Mara ya tatu mke wake alikaa pembeni anamfinya njia nzima. Alifika kwetu macho mekundu na mkono mwekundu, na alipolala kitandani petu alikoroma mpaka wa foleni wakacheka.

Jambo moja nililowafundisha, naona wengine mmeanza kulidharau: bahasha. Wasusi wa Albert Park hatutupi hovyo nywele zinazobaki kwenye kitana. Watu wanaogopa zisije zikaokotwa na mwenye nia mbaya. Ucheke usicheke, mgonjwa mwenye hofu hiyo hatulii, na asiyetulia hapimiki. Zikusanye, zitie kwenye bahasha, mpe mwenyewe mkononi. Aunty alishangaa mwanzoni. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa ananipigia kelele, "Bahasha!"

Mngedhani mtu anayeheshimu nywele kiasi hicho hawezi kukosea kichwa cha mtu. Nilikosea, tena vibaya, na hilo ndilo nililotaka kusema siku ile nikashindwa.

Solange alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama yake, tukimwita Mama Solange, alitoka naye Bukavu akiwa mtoto wa mgongoni, akawa anauza sombe, yaani kisamvu, na dagaa sokoni Warwick. Walikaa Albert Park, ghorofa ya tisa. Binti alikuwa na kifafa tangu utotoni. Mama akienda sokoni alikuwa anamfungia mlango kwa nje, kwa kumwogopea. Na humo ndani Solange alikuwa na sahani yake na kikombe chake cha bati cha bluu, visiguswe na mwingine, maana waliambiwa ugonjwa unapita kwenye mate. Msichana mzima, hana kazi, hana rafiki, hana ufunguo. Daktari wa ubongo alitaka kuona karatasi zetu kabla ya kumwanzishia vidonge. Lielewe hilo kwanza: kipimo kile kilikuwa mlango wa yule binti kutoka nje.

Walikuja Jumatatu. Foleni imefika nje, Aunty ana mafua, mimi nina hasira za kwangu ambazo hata sizikumbuki tena. Solange akakaa kitini, nikashika nywele. Mafuta! Yanachuruzika mpaka masikioni. Kwenye mafuta waya haukai, hata ubembeleze. Na barua ilisema wazi, nywele safi, zisipakwe kitu. Nikaguna, "Watu hawasomi barua." Sikumuuliza neno. Nikamwinamisha kwenye sinki, nikamwosha kwa shampuu mara mbili. Akataka kusema kitu, nikamwambia afumbe mdomo povu lisiingie.

Nilikuwa namfuta kwa taulo mama yake alipoingia.

"Ulifanya nini?" akasema. "Ulifanya nini pa kichwa ya mutoto yangu?"

"Nimemwosha, mama. Alikuwa amejaa mafuta."

"Ile ni mafuta ya pasteur! Tulifunga siku tatu, kanisa yote! Alimupaka leo asubuhi ili hii mashine yenu ione muzuri!"

Nikasimama na taulo langu. Wale watu walikuwa wamekiombea kipimo changu. Hawakuwa wanapigana nacho, walikuwa wanakibariki, nami nimeimwaga baraka yao kwenye bomba la maji machafu. Hapo ningesema samahani, mama, keti tuzungumze. Badala yake nikajibu, kwa sauti ile yangu mnayoijua, "Barua ilisema bila mafuta."

Mama Solange akavua kitenge chake cha mabegani, akamfunika binti kichwa kilichokuwa bado kinadondosha maji, akamshika mkono, wakatoka. Hawakupimwa, hawakumwona daktari, hawakupata kidonge hata kimoja.

Aunty akauliza kutoka mezani kwake, pua imeziba, "Vipi yule?"

"Amekataa," nikasema. Nikachukua daftari, nikaandika: Mgonjwa amekataa kipimo. Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Siku za Jumamosi nilikuwa bado nakaa kwenye kiti changu cha plastiki, nasuka. Wiki chache zilikuwa zimepita. Mteja niliyemshika, Mkongomani, akawa ananipa habari za jengo lao. "Yule binti ya Mama Solange aliungua," akasema. Alikuwa peke yake, mlango umefungwa kwa nje, anachemsha maharage. Akaanguka juu ya jiko. Majirani walisikia harufu, wakavunja mlango. Mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi vidole.

Nilimwacha yule mteja nusu kichwa. Nusu! Mpaka leo ananisema. Nikaenda moja kwa moja, lifti mbovu, nikapanda ghorofa tisa kwa miguu, na kila ngazi nilikuwa nasoma yale maneno ya daftari: mgonjwa amekataa, mgonjwa amekataa.

Mama Solange akafungua mlango kidogo, mnyororo hajautoa.

"Unatafuta nini tena huku?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Maombi yetu ulimwanga mu sinki. Sasa msamaha ya nini?"

"Nilikosa, mama. Ningeuliza yale mafuta ni ya nini. Sikuuliza. Halafu nikaandika kwamba nyinyi ndio mmekataa. Na hilo ni langu."

Mnyororo akauacha palepale. Mimi pumzi zimekatika, kifua kinawaka. Nikamwambia, "Hata usiponisamehe, nipe maji. Nitakufia mlangoni, watu wakuulize."

Hakucheka. Lakini maji hamnyimi mtu, akatoa mnyororo. Solange alikuwa amekaa kwenye godoro, mkono umefungwa bendeji, anatazama ukuta. Mama akanyoosha mkono kuchukua glasi. Mimi nikatangulia, nikachukua kile kikombe cha bati cha bluu kilichokuwa kimekaa peke yake kando ya sinki.

"Acha ile! Ile ni kikombe ya Solange!"

"Najua," nikasema. Nikakijaza, nikanywa mpaka tone la mwisho, nikakijaza tena, nikanywa.

Mama Solange akajiziba mdomo. Solange akageuka kutoka ukutani, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia vizuri sauti yake. "Mama," akasema, "ona, amekunywa." Akaanza kulia, kilio cha mtoto mdogo, na bendeji lake.

"Mimi nashika watu wenye ugonjwa huu kila siku," nikamwambia mama yake. "Mate yamenirukia usoni, yameniingia mdomoni. Ungekuwa unapita kwenye mate, ningekuwa nimeanguka hapo ghorofa ya pili." Nikataka kuendelea kufundisha, unajua tena mdomo wangu, lakini nikautazama ule mkono. Nikalia na mimi. Msamaha nilipata baadaye. Ule mkono haukurudi ulivyokuwa, na sijawahi kujidanganya kwamba ulirudi.

Jumatatu nikamweleza Aunty yote. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akafungua daftari kwenye ukurasa ule. "Kata. Andika upya." Nikakata, nikaandika: Msaidizi aliosha kichwa bila kuuliza, familia ikaondoka. "Sahihi," akasema, akanisogezea kalamu. Nikatia sahihi.

Kisha nikamfuata pasteur, mchungaji wao, kanisani kwao, ukumbi wa kukodi juu ya duka la simu. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Nikamweleza habari ya waya, ngozi na mafuta, nikamweleza kwamba kipimo hakiumi, hakiingizi umeme kichwani, kinasikiliza tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Ile waya inakaa pa kichwa muda gani?"

"Pamoja na kuziweka, saa moja na nusu."

"Basi mafuta itangoja saa moja na nusu," akasema. "Mungu hana haraka."

Walikuja watatu. Pasteur akakaa mapokezi na chupa yake mapajani. Nikamuuliza Solange ruhusa kabla ya kumgusa, nikamuuliza na mama yake, nikagawa mistari taratibu kuliko siku zote. Shwa, shwa, kalamu zikaenda vizuri, halafu zikaanza kuchora vile vilima vikali ambavyo mimi na Aunty tulivijua kwa sauti. Hakuanguka. Alikuwa amefumba macho tu, na kumbe ndani ya kichwa chake kulikuwa na kishindo. Mama Solange alisimama nyuma ya kioo akaitazama karatasi. "Ile ndiyo inamuangusha?" akaniuliza. "Ndiyo hiyo, mama." Akaitazama sana. Nadhani ilimsaidia kuuona ule ugonjwa, ukiwa wino.

Tulipomaliza nikaondoa pasti yote ya kugandishia waya, pasteur akaitwa, akampaka mafuta yake palepale kwenye kiti chetu, Aunty amesimama pembeni ameinamisha kichwa. Mwisho nikamsuka Solange mtindo wa twende kilioni, na mafuta yale yalinirahisishia kazi kweli. Nywele kwenye bahasha.

Tangu siku hiyo barua yetu iliongezwa mstari: mafuta ya maombi yaje kwenye chupa, tutawapa nafasi ya kuyapaka tukimaliza. Na lile swali ninalowasumbua nalo, nani alishika kichwa hiki mara ya mwisho na kwa nini, sasa mnajua limetoka wapi. Uliza kabla hujafungua bomba.

Sitawadanganya kwamba alipona. Vidonge vya kwanza vilimlaza mchana kutwa, vikabadilishwa, vya pili vikamkubali. Kuanguka kila wiki kukawa mara moja moja, miezi mingine hakuna kabisa. Nilimfundisha mama yake kama nilivyowafundisha ninyi: mgeuze ubavu, sogeza vitu vigumu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa, dakika tano zikipita ita ambulensi. Na vidonge haviachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anavimeza. Siku moja Mama Solange alikuja kuniletea sombe akaniambia, kama habari ya kawaida, kwamba amemkatia Solange ufunguo wake. Nilikwenda chooni nikalia.

Huyo ndiye Solange mnayemjua ninyi, mwenye saluni pale Albert Park, anayewasuka nusu yenu. Mimi nilimfundisha, kwenye kiti cha plastiki. Vidole vyake vya kushoto vilikazwa na kovu, akabuni mshiko wake mwenyewe, na siku hizi wasichana wanauiga wakidhani ni mtindo mpya.

Sasa nifike kwenye hii polepole yangu. Mwaka mmoja kabla hamjaniaga, mstari wangu wa nywele ulipinda. Nikasema uchovu. Ukapinda tena, nikasema miwani. Mkono wa kulia nikaanza kuuficha mfukoni mwa koti, nikiwaambia nasikia baridi. Baridi, Durban, joto lile! Nanyi mkaamini.

Solange hakuamini. Nilikuwa nimekaa saluni kwake, akaukazia macho mkono wangu uliolala juu ya paja. "Mama Riziki," akasema, "mkono yako inatetemeka wakati imepumzika. Ukishika kitana inatulia. Ile si kuchoka." Amekaa miaka kwenye mabenchi ya kliniki za ubongo, yule binti, amewatazama watu.

Nikamfokea. Nikamwambia ashughulike na vichwa vya wateja wake. Eish, nilikuwa na aibu! Mimi niliyewaambia watu wote wale wasijifiche, nimejificha mfukoni. Akaniacha nimalize, akafunga saluni mchana kweupe, akanipeleka mwenyewe. Daktari hakuhitaji waya. Alinitazama ninavyotembea, akaniambia nigonganishe vidole, akaukunja na kuukunjua mkono wangu. Ugonjwa wa Parkinson. Una dawa, inaniwezesha kushika kalamu hii, lakini inataka saa zake, na kitana nimekiweka chini. Hilo linaniuma. Nilivipenda vidole vyangu, na vilikuwa vinanisikia.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao, ghorofa ileile ya tisa. Solange alikuwa ananisuka. Mama Solange, sasa mzee kama mimi, alichemsha chai. Juu ya rafu kile kikombe cha bluu kilikuwa katikati ya vingine, kimechubuka mdomo, anakitumia yeyote. Chai yangu nilikuwa nimeshaimwaga mara mbili. Solange akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akatoa kikombe cha plastiki chenye mishikio miwili na kifuniko chenye kidomo cha kunywea.

"Hii ni yako, Mama Riziki. Itakaa hapa kwetu."

Nikakiweka mapajani nikakitazama. Kisha nikakitazama kile cha bluu juu ya rafu.

"Changu peke yangu?" nikauliza.

Solange akaacha kusuka.

Mama Solange akainuka, akakichukua mapajani pangu. Akakijaza chai, akafunga kifuniko, akakishika mishikio yote miwili, akanywa kwenye kile kidomo, funda moja, la pili, la tatu.

"Sukari iko kidogo," akasema. Akafungua, akaongeza kijiko, akakoroga, akafunga, akanipa.

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikanywa.